Nusu Kikombe

Mimi si Mkatoliki, na siku walipoileta sanamu ya Bikira Maria wa Fatima uani kwetu Atlabara, mtaa wa Juba, nilifunga mlango wangu nikaendelea kupiga pasi. Kwetu Kaimosi, watu wa kanisa la Friends, tunakaa kimya mbele za Mungu, hatuna sanamu wala mishumaa. Lakini kati ya chumba changu na cha Nyachuol palikuwa na mabati tu, kwa hiyo rozari yao niliisali nitake nisitake.

Nyachuol alikuwa Mnuer aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma kisha Nairobi, akarudi Juba baada ya mkataba wa amani na kupata kazi ya mapokezi katika hoteli moja kando ya mto. Alikuwa na mtoto mmoja, Nyagai, wa miaka tisa, na mume askari aliyepangwa mji wa Malakal. Sanamu ile ilikuwa ya kikundi chao cha Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili. Ilikaa wiki moja katika kila nyumba, na jioni wote walikusanyika pale ilipo. Nilikuwa nikimtania Nyachuol kwamba kapata mgeni wa maana, hali wala haogi, na Juba hii maji ni ya kununua. Alicheka akasema, "Mama Levi, siku moja utapiga magoti hapa." Nikamwambia asubiri akiwa ameketi.

Baada ya rozari, katekista Linus alisimulia watoto maisha ya watakatifu. Linus ni Mkenya mwenzangu, mwalimu, na kusimulia anajua, hilo simnyimi. Alikuwa na mtindo wake: hadithi aliikata pale inapochoma, ili watoto warudi kesho. Jumatatu ile aliwasimulia habari za watoto wachungaji wa Ureno waliotokewa na Bikira Maria, Lusia na binamu zake wawili, Fransisko na Yasinta. Alieleza jinsi walivyogawa chakula chao wakashinda na njaa, wakiwaombea wakosefu. Siku moja ya jua kali waliomba maji kwa jirani, na walipoyapata hawakuyanywa. Waliyamwaga kwenye shimo la jiwe wakawaacha kondoo wanywe. Na chini ya nguo, kila mmoja alijifunga kamba kiunoni, ikawakwaruza, wakavumilia. Mimi mwenyewe, upande wa pili wa mabati, pasi nilikuwa nimeiweka chini.

"Mwenyeheri Yasinta ndiye msimamizi wako," Linus alimwambia Nyagai, maana Yasinta ndilo jina lake la ubatizo. "Una bahati. Mwige. Yaliyobaki, kesho."

Kesho yake hadithi haikuendelea. Mchana ule zilikuja habari kwamba Malakal kunapigwa. Koang, baba yake Nyagai, alikuwa huko huko, na simu yake haikuita. Jioni watu walijaa kwa Nyachuol wakasali mpaka sauti zikakauka. Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu, Wakatoliki wote wakafunga. Nyagai naye alisukuma sahani yake kando. Mama yake alimpapasa kichwa, akaniambia kwa fahari, "Unaona huyu? Anafungia baba yake." Mtoto anayekataa ugali siku nyingine yoyote ungemuuliza anaumwa wapi. Siku ile alisifiwa.

Nilipaswa kushtuka kwa sababu ya mbuzi. Jirani yetu Kiden alikuwa na mbuzi mweupe mwenye tabia mbaya, na tangu Jumatano mbuzi yule alihamia mlangoni kwa Nyachuol. Alhamisi nilimwona Nyagai akimmiminia maji kwenye kifuniko cha ndoo, kutoka kikombe chake cha bati chenye ukingo uliobanduka rangi. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana huruma, nikaenda zangu kazini.

Ijumaa jenereta la benki yetu lilikufa, tukaruhusiwa saa sita. Nilimkuta Nyagai ameketi juani, mgongo ukutani. Kivuli kilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na yeye hakukitaka. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilimgusa shingo, ngozi ilikuwa ya moto na kavu kabisa, hana hata tone la jasho. Jua la Juba mwezi wa pili nalijua, mtu mzima hulowa akisimama tu. Nilimbeba ndani kwao, na mkono wangu ukapita kiunoni mwake ukakuta kitu. Nikainua gauni. Ilikuwa kamba ya katani, ile ya kufungia magunia sokoni Konyo Konyo, na chini yake ngozi ilikuwa imechubuka mpaka nyekundu.

Niliikata kwa kisu cha jikoni. Nikachota maji mtungini kwa kile kikombe chake. Aligeuza uso ukutani.

"Kunywa, Nyagai."

"Hapana, Anti."

"Tangu lini hujanywa?"

"Usiku nalamba kidogo. Mchana ni ya baba." Sauti ilikuwa imekauka, ikanibidi niiname. "Nikinywa, watampiga risasi. Nimemwahidi Mama Maria."

Na huyo Mama Maria alikuwa pale pale juu ya kimeza, na kitambaa chake cheupe na maua ya plastiki, ananitazama. Niseme kweli, nilitaka kumrusha nje.

Nilimpigia Nyachuol, simu haikushika. Nilimtuma mwendesha boda aende hotelini kumwita, na nikampigia Linus, ambaye shule yake ilikuwa karibu. Alifika anahema, vumbi la chaki bado vidoleni. Alipoiona kamba sakafuni alikaa chini bila kutafuta kiti. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia, halafu nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemfunga. Mfungue."

Akasogea kitandani. "Nyagai, mwanangu, hadithi ile haikuishia pale. Bikira Maria aliwaambia wale watoto kwamba Mungu amependezwa na sadaka zao, lakini hataki walale na kamba. Waivae mchana tu."

Nyagai aligeuza uso kutoka ukutani. "Mbona hukutuambia?"

"Ilikuwa nisimulie Jumanne."

"Na maji? Aliwaambia wanywe maji?"

Nilimwona Linus akiitazama ile sanamu, na nilijua anachotafuta na kwamba hakipo.

"Mwambie ndiyo," nikasema.

"Mama Levi, hilo hakusema."

"Linus, mtoto anakufa. Mwambie ndiyo."

"Siwezi kumwekea Mama wa Mungu maneno kinywani." Alikuwa analia, mwanaume mzima. Akamgeukia mtoto, akamwambia kwamba utii ni bora kuliko sadaka, kwamba mwili ni zawadi, kwamba yeye kama katekista anamwamuru anywe. Yote kweli, yote mazuri. Nyagai alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa. Macho yakaanza kupanda juu, weupe ukabaki.

Basi, heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilimlaza kichwa kwenye mapaja yangu, nikambana pua, na alipofungua mdomo kuvuta pumzi nikamimina. Alipigana nami. Mtoto aliyeshindwa kushika shingo yake alipigana nami kwa miguu na kucha, akatapika mengine, mengine yakamwagika kifuani kwangu, na mengine yalishuka, niliyaona yakishuka kooni. Kikombe kilibaki nusu.

Alipoacha kukohoa alinitazama. "Umemuua baba," akasema.

Tulimpeleka kliniki kwa boda, mimi nyuma yake nimemshika, Linus akitufuata kwa nyingine. Walimtundikia dripu. Nyachuol alitukuta huko, bado na sare ya hoteli. Muuguzi alisema tungechelewa hadi jioni tungekuwa tunasema mengine. Nyachuol alinishukuru mpaka nikaona aibu. Mtoto hakunishukuru.

Tangu siku ile Nyagai alikula na kunywa, hakuna aliyemlazimisha. Mama yake alifurahi, akadhani yamekwisha. Mimi niliona anavyokunywa: haraka, bila hamu, mtu anayemaliza kazi isiyo na maana tena. Alikuwa anangoja habari ya msiba. Simu ya mama yake ikilia, alisimama wima katikati ya chumba na mikono ubavuni. Mimi hakunisalimia. Nikimpa chapati, aliiweka juu ya ndoo, na baadaye mbuzi wa Kiden aliila. Sanamu iliondoka kwenda kwa familia moja ya New Site, kimeza kikabaki na kitambaa chake. Nilijikuta usiku nimelala macho nikimwomba Mungu wangu wa kimya amhifadhi Koang, na si kwa ajili ya Koang peke yake. Nilikuwa namwogopa mtoto wa miaka tisa.

Habari ilikuja mwezi wa tatu. Yu hai. Amejeruhiwa, yuko hospitalini, ataletwa Juba. Nyachuol alipiga vigelegele uani, wanawake wakatoka majikoni. Nyagai aliuliza swali moja, "Amejeruhiwa wapi?" Mama yake hakujua, au hakutaka kusema.

Aliletwa nyumbani siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi. Gari la jeshi lilisimama nje, akashuka na magongo mawili, mrefu na mwembamba, na mguu wa kulia wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa pini chini ya goti. Nyagai alikuwa mlangoni. Hakumkimbilia. Aliutazama mguu, yaani pale ambapo mguu haukuwepo, akautazama mpaka baba yake akafika na kuketishwa kwenye kiti cha plastiki.

"Nilikunywa nusu kikombe," akamwambia.

Koang hakuelewa. Nyachuol alianza kulia, kwa hiyo mimi ndiye niliyemweleza, na nilieleza vibaya, kwa haraka, nikirudia rudia. Halafu nikaona mwanya, nikaudandia. "Ulipigwa siku gani?" nikamwuliza.

"Jumanne. Siku ya kwanza."

"Umesikia, Nyagai? Jumanne. Mimi nilikunywesha Ijumaa. Alikuwa ameshaumia."

Alinijibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniongelesha tangu kliniki. "Mungu anajua kabla, Anti. Alijua nitakunywa nusu. Ndiyo akachukua nusu."

Mimi kazi yangu ni hesabu, na hesabu ile ilikuwa inalingana. Linus, aliyekuja kumpokea Koang, aliinamisha kichwa.

Koang aliegemeza magongo ukutani. Kiswahili chake ni cha kambini, cha kuokota. "Nyagai, kuja. Leta moya."

Alikwenda mtungini akarudi na maji katika kile kikombe cha bati. Baba yake alikishika bila kunywa.

"Mimi nililala kwa barabara, toka asubuhi mpaka jua kuisha," akasema. "Mguu sikusikia. Mimi nilisikia kiu tu. Mimi sikuita Mungu, sikuita mama yako. Niliita maji. Halafu mama mmoja, mzee, Mshilluk, mimi simjui, alitoka kwa nyumba, risasi bado iko, akaniletea kwa kibuyu. Mimi nilikunywa. Kama yeye alisema, hapana, hii maji mimi namtolea Mungu, wewe leo huna baba." Akapumzika. "Mguu ilichukuliwa na watu wa bunduki. Wewe hukuchukua kitu."

Akanywa nusu, taratibu, akampa kikombe. "Hii ndiyo yako. Maliza."

Nyagai alikitazama kimeza kilichobaki na kitambaa tu. Kisha akanywa. Safari hii alikunywa kama mtu mwenye kiu, maji yakimchuruzika kidevuni, na baba yake akaweka mkono juu ya kichwa chake na kuuacha hapo.

Niligeuka niende chumbani kwangu, maana machozi yalikuwa yamenifika na mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nikasikia kifuniko cha mtungi kikifunguliwa, na hatua zake nyuma yangu. Alikuwa amekijaza kikombe mpaka juu, amekishika kwa mikono miwili asimwage.

"Anti," akasema, "kunywa."

Nikakipokea. Alisimama pale mlangoni akilitazama koo langu mpaka nilipomaliza yote.