Mistari Miwili ya Kijani

Kamati ya mirathi ya msikiti mmoja wa Kasongo ilipokubali kugawa urithi kwa programu aliyoiandika Faridah binti Djuma, ilitoa sharti moja: usisalie mstari wa programu usiojaribiwa. Faridah alikuwa na chombo cha kulithibitisha hilo. Kila alipoendesha majaribio, chombo kiliifuata programu hatua kwa hatua, kisha kikaitia rangi: kijani kwa mstari uliopitiwa, nyekundu kwa ulioachwa, na juu ya ukurasa asilimia. Alipoona wekundu, alikwenda kwa Mzee Ayoubu, mwenyekiti wa kamati, akamwomba mfano wa familia itakayoupitia mstari ule.

Mzee alitoa mifano kwa ukarimu, ila kwa adabu ya mji. Nyumba nyingi za Kasongo zina mke au shangazi wa kanisani. Hula pamoja sikukuu zote, na dini yake haitajwi penye mirathi, maana kuitaja ni kumtenga angali hai. Kwa hiyo mstari wa dini, unaomwondoa asiye Mwislamu katika urithi, ulijaribiwa kwa mfano mmoja tu, wa mwana wa kubuni asiye na jina wala wasia. Ukageuka kijani. Ukurasa ukaonyesha mia kwa mia, na Mzee Ayoubu akamshukuru Mungu.

Kisha akafariki Souleymane, fundi wa baiskeli. Mkewe, Ernestine, alikuwa Mkristo, na kwa sheria ya Kiislamu hakuwa mrithi. Marehemu, akiyajua hayo, alimwusia mbele ya mashahidi nyumba yao ndogo, isiyofika theluthi ya mali, kiasi ambacho sheria huruhusu kumwusia asiye mrithi. Faridah aliingiza yote. Programu ikajibu kuwa Ernestine hana kitu. Mzee Ayoubu akalisoma jibu baada ya sala ya alasiri, na nyumba ikawa ya Abdallah, mwana wa marehemu kwa mke wa kwanza.

Kesho yake asubuhi Ernestine alimfuata Faridah sokoni, katika kibanda chake cha kuchapisha karatasi.

"Faridah mwanangu, ile masini yako inanijua?"

"Inakujua, mama. Nilikuandika mwenyewe."

"Uliniandika ginsi gani? Bibi ya Souleymane, ao mutu wa pembeni?"

"Bibi yake."

"Basi bibi yake atalala wapi? Kwa padri?"

Faridah hakucheka. Aliifungua ripoti, yote kijani. Chombo kilikuwa na uwezo mwingine ambao hakuwahi kuuhitaji: kuonyesha kila mstari umepitiwa na jaribio lipi. Akaugusa mstari unaobatilisha wasia kwa mrithi, akaona mfano wa mke Mwislamu. Akaugusa unaomwondoa mwenye dini nyingine, akaona yule mwana asiye na wasia. Hapakuwa na jaribio lililoipitia yote miwili. Wa kwanza kuipitia alikuwa Ernestine. Mstari wa kwanza ulimhesabu mrithi kwa kuwa ni mke, ukamnyima wasia, na wa pili ukakana kuwa ni mrithi, ukamnyima fungu.

Akaandika jaribio lenye jina la Ernestine. Likashindwa. Akautanguliza mstari wa dini, ili Ernestine atoke kwa warithi kabla wasia wake haujapimwa, nalo likafaulu pamoja na mengine yote. Asilimia haikusogea, ilikuwa mia tangu mwanzo.

"Uliniambia mia," alisema Mzee Ayoubu alipoelezwa.

"Ndiyo, baba. Mia ya mistari, si ya njia. Mistari yote ilikanyagwa, lakini kila mutu alikanyaga wake."

"Na miye nimekwisha kutamka mbele ya watu."

"Ndiyo, baba."

"Bibi Mkristo mwenye wasia. Mbona hukuniomba mufano wake?"

"Niliona haya."

Mzee aliipitisha tasbihi vidoleni.

"Hata mimi," akasema.

Alasiri iliyofuata, baada ya dua, alisimama akasema kwamba hukumu ya jana ilikuwa na kosa, na nyumba si ya Abdallah. Kisha akalitaja jina la Ernestine, na dini yake, na wasia wake, kwa sauti ya kufika safu ya nyuma. Wazee kadhaa wakainamisha macho kwenye mikeka.

Abdallah aliinua mkono. "Mualimu, nimekwisha kuingiza mifuko yangu ya mupunga mule ndani."

"Itoe."

"Leo, ao kesho?"

"Leo. Mvua ingali mbali."