Tangazo la Vumilia kwa Kiarabu

Mimi Petronila sijawahi kurudishiwa kazi. Hilo nililisema kila siku pale studio kwangu Karatu, na aliyebisha nilimwonyesha mlango. Harusi za Mbulu, sherehe za kipaimara za Endabash, matangazo ya kambi za watalii kule Engaresero, zote zimepita mikononi mwangu. Ndiyo maana Salima alipokuja na picha ya mdogo wake, akitaka tangazo la video la kumtafuta, nilimwambia akae, kazi hiyo ni ndogo.

Haikuwa ndogo. Mdogo wake huyo, Vumilia, alikwenda Maskati, Oman, kufanya kazi za ndani. Alipiga simu kwa miezi mitano, halafu kimya, na kimya chenyewe kilikuwa kimefika wiki ya tisa. Baba yao alitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya huku, akazikwa huku, na hawa wawili hawakubakiwa na mtu mwingine. Salima anafundisha madrasa ya watoto wa vibarua, Kiarabu anakijua. Tangazo aliliandika mwenyewe kwenye simu: jina la mdogo wake, kovu lake juu ya jicho, ombi kwa yeyote aliyemwona, na namba ya kupiga. Hata namba aliiandika kwa tarakimu za Kiarabu, ili watu wa kule wasipate taabu.

"Dada Petro, isomeke tu," aliniambia. "Mengine namwachia Mungu."

Nikayabandika maneno kwenye programu ninayotumia kuhariri video. Vikatoka vituko! Herufi zimeachana, kila moja imesimama kivyake, na sentensi inaanzia kushoto. Hata mimi niliyekulia kwenye kwaya ya parokia najua kwamba Kiarabu huanzia kulia. Nilihangaika siku mbili. Mwishowe mhariri mmoja wa kwenye kundi letu la WhatsApp akanitumia kijiprogramu. Unakilisha maneno, kinaunganisha herufi, kisha kinaugeuza mstari mzima, cha mwanzo kinakuwa cha mwisho. Unachukua hayo yaliyogeuzwa unayapeleka kwenye programu isiyojua Kiarabu, nayo inayaonyesha inavyotakiwa. Nikajaribu. Herufi zikashikana vizuri, mstari ukaanzia kulia, nami nikapiga kigelegele peke yangu kama mama wa bwana harusi.

Studio kwangu kuna sheria: mteja anatazama mara tatu, anasaini, ndipo video inatoka. Salima alitazama mara tatu. Alisoma kwa sauti, kidole kwenye kioo, jina, kovu, ombi. Alipofika mwisho wa ombi machozi yalikuwa yanamtoka.

"Iko sawa," akasema, akasaini.

Namba hakuisoma. Nani husoma namba yake mwenyewe? Na kwangu mimi zile tarakimu zilikuwa vijiti na vinukta tu.

Jumatano asubuhi tukaituma Arusha, Dar na Unguja, kwa kila mtu mwenye ndugu Uarabuni. Alhamisi ikaturudia kutoka kwa mtu tusiyemjua, imeshapita mikono mingi hata haijulikani ilikotoka. Nilijisifu, sifichi. Nilimwambia Salima, "Umeona kazi ya Petro?" Ila simu haikulia. Haikulia Ijumaa, haikulia Jumamosi, wala Jumapili. Salima alikuja kukaa studio kila alipomaliza kufundisha, simu yake mezani kwangu, tukiitazama wote wawili. Nilikuwa namwambia subira yavuta heri. Nikiukumbuka mdomo wangu ulivyokuwa unatamka maneno hayo, natamani kuupiga kofi.

Jumatatu mchana akaingia Inosenti, dereva wa watalii, anataka nimhamishie mgeni wake picha za kreta. Mgeni mwenyewe alikuwa mzee wa Kiarabu, mpole, vumbi la Ngorongoro limemjaa hadi kwenye nyusi. Video ya Vumilia ilikuwa inacheza kwenye kioo. Mzee akasimama akaisoma, akaweka mkono kifuani, akamwambia Inosenti jambo kwa Kiingereza.

"Anasema ana watu wake Maskati, atawapa hii kazi," Inosenti akatueleza. "Anataka ampigie dada sasa hivi, ili namba yake ibaki kwenye simu ya dada."

Mzee akabonyeza namba huku akitazama kioo. Akaweka simu sikioni. Simu ya Salima ilikuwa mezani, hatua moja kutoka kwake, na haikulia. Akapiga tena, safari hii kwa sauti kubwa, tukamsikia sote yule mama wa kampuni ya simu akisema namba hiyo haipo.

"Mtandao wa Karatu huo, bwana," nikasema.

"Petro, mtandao umejaa mpaka juu," Inosenti akajibu. "Hebu mzee asome hiyo namba, tuisikie."

Mzee akasoma moja moja, Inosenti akawa anatafsiri. "Nne, moja, tisa..."

"Hiyo siyo yangu," Salima akasema.

"Subiri amalizie, dada. ...sita, saba, tano, tano, mbili."

Salima akainuka kwenye kiti. "Mbili, tano, tano," akasema polepole. "Yangu inaanza na mbili, tano, tano. Dada Petro, imegeuka. Namba yote imegeuka!"

"Si Kiarabu kinasomwa kutoka kulia?" nikafoka. Nilifoka, Mungu anisamehe.

"Maneno ndiyo. Namba zinasomwa kutoka kushoto, vilevile kama zenu. Hata mtoto anayeanza madrasa anajua."

Kile kijiprogramu kiligeuza kila nilichokipa. Maneno yakanyooka, namba ikapinduka kichwa chini, nami nikapiga kigelegele. Siku tano dunia nzima ilikuwa inapiga namba ambayo haipo, na mimi nahubiri subira. Sikuwahi kuogopa mikono yangu mwenyewe kama siku ile.

Nikaifuta namba, nikaiandika upya kwa tarakimu zetu za kawaida, kubwa, peke yake chini ya picha. Mara hii Salima aliisoma mwenyewe, nami nikaipiga, na simu yake ikalia pale mezani. Tukaituma upya. Haikupita saa moja ikaingia simu ya nje. Salima akaipokea, nikamwekea sauti kubwa.

"Wewe ndo dada yake Vumilia?" Ilikuwa sauti ya mama, Kiswahili cha Unguja. "Mie nesi, nipo hospitali huku Maskati."

"Ndimi. Ni mzima?"

"Mzima. Alikuwa wodini kwetu, kavunjika mguu. Simu yake kanyang'anywa, na namba yako kwa kichwa haijui. Video yenu ilinifikia Alhamisi, nikamwonesha mwenyewe."

Salima akacheka na kulia kwa pamoja. "Aliiona? Aliona namtafuta?"

"Aliona, akafurahi hadi wodi nzima ikajua. Tukapiga palepale. Tukapiga Ijumaa, tukapiga Jumamosi, kila mara tunaambiwa namba haipo. Na kuna bwana alikuwa anakuja na pasipoti ya Vumilia, ataka kumrejesha kwa yule tajiri aliyekuwa akimfanyia kazi. Kila akija Vumilia anamkatalia, anamwambia dada yangu ananitafuta, siendi."

"Sasa yuko wapi? Nipe niongee naye."

"Hayupo huku tena, dada," yule mama akasema. Inosenti akavua kofia.

"Yule bwana kaja tena jana. Nikamwambia Vumilia usikubali, mwanangu, tupige tena. Akanambia, 'Basi, nesi. Wangekuwa wananitaka wangeweka namba ya kweli.' Akachukua magongo yake, akamfuata. Hakuna aliyemvuta."