Ndoo ya Kuogea

Maji yalikuwa yakiingia kwenye ndoo, bafuni, gizani. Milkana aliyasikia akiwa amejilaza kando ya binti yake Yana, taa ameizima ili mtoto mwenye homa apate usingizi. Ilikuwa saa kumi na moja tu ya jioni, lakini katika mji wa Pernik, mwezi wa Desemba, jua halina subira. Alijua ni Ognyan, mdogo wake wa miaka kumi na sita. Akajiambia kijana anafua soksi. Ognyan hakuwahi kufua soksi tangu azaliwe.

Tangu theluji ianguke, mteremko ulio kati ya jengo lao na la jirani ulikuwa umezua ugomvi. Vijana waliutaka uwe laini, wateleze hapo juu ya mifuko ya nailoni huku wakipiga mayowe, na aliyewakemea alirushiwa bonge la barafu dirishani. Mzee Spas wa ghorofa ya chini, mchimba makaa mstaafu, aliutaka upitike. Kila alfajiri alitoka na kopo la majivu ya jiko lake, akayanyunyiza njia nzima.

"Babu, tia na chumvi basi, mboga haijakolea," vijana walimtania.

Yeye aliwajibu kwamba wanaopita hapo ni mama zao, akaendelea kunyunyiza. Aliyafikisha majivu hadi mlango wa Milkana, maana alijua anarudi kutoka masomo ya jioni na viatu vilivyokwisha soli.

Asubuhi iliyofuata, Mzee Spas alipiga hatua tatu tu. Maji ya jana yalikuwa yameganda kama kioo. Walimkuta amelalia ubavu, nyonga imevunjika, majivu yamemjaa kifuani.

Kufika saa nne, polisi alikuwa mlangoni kwa Milkana. Nyuma ya Milkana, jikoni, Ognyan alikuwa ameikodolea macho chai iliyokwisha kupoa. Kamati ya watoto ya manispaa ilishamwonya mara moja kwa kuchoma mapipa ya taka. Kosa la pili ni kupelekwa shule ya bweni ya watoto watukutu, na waliotoka huko Milkana aliwajua kwa sura. Mama yao alikufa akimwomba kitu kimoja tu: asimwache huyu mtoto.

Akasema mdogo wake hakutoka jana. Akaongeza kwamba walikaa pamoja wakifanya hesabu za darasani za kijana huyo. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma.

Polisi aliandika, kisha akainua ndoo ya buluu aliyokuwa ameiweka sakafuni, mabaki ya maji yameganda barafu ndani yake.

"Ilikuwa juu ya mteremko. Unaijua, dada?"

Milkana akasema ndoo kama hizo zimejaa sokoni, kila nyumba inayo.

"Kweli," polisi akasema. "Hata mimi ninayo." Akafunga daftari.

Ognyan akashusha pumzi. Milkana alimsikia, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita alitamani kumpiga. Akawaza nani atayanyunyiza majivu kesho.

Ndipo Yana akatokea chumbani, miguu mitupu, nywele zimemganda kwa jasho la homa. Akaitazama ile ndoo, akafurahi.

"Mama, mjomba aliichukua jana ndoo yangu ya kuogea."