Salamu za Kalaba

Jina la Bwalya lilipotoka katika kipaza sauti, mama huyo alijifunika uso kwa kitenge kama mtu aliyerushiwa majivu. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Mei, mwaka wa 1943, mara tu baada ya misa, na uwanja wa cité, mtaa wa Waafrika, ulijaa watu waliokuja kusikiliza habari za vita. Kutoka juu ya jukwaa la mbao, karani Anaclet alikiona kitenge kikitetemeka, akadhani mama analia kwa furaha. Akaimaliza barua kwa sauti ya juu zaidi.

"'Mimi Kalaba, mume wa Delphine, niko salama hapa Misri,'" barua hiyo ilikuwa imeanza. "'Tunakula nyama kila siku. Tangu tutoke Katanga hakuna hata mmoja wetu aliyekufa. Namsalimu mke wangu. Namsalimu mama mkwe wangu, Bwalya. Vijana, njooni, nafasi bado zipo.'"

Makofi yalipigwa, lakini hayakuvuma. Kwenye kundi la wanawake kicheko kilipita kwa chini.

"Wamemunywesha nini huko?" mmoja aliuliza.

"Maji ya Misri, mama! Inaondoa haya!"

Anaclet hakukielewa kicheko hicho. Alikunja karatasi, akashuka, na kama kila Jumapili wazee wakampisha njia. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Mapadri walimlea tangu utotoni, wakamfundisha Kifaransa, mashine ya kuandikia, na kusoma kwa sauti inayofika hadi safu ya mwisho. Hakuwa na ukoo aliokumbuka. Watu hawa waliomsikiliza kila juma ndio aliowahesabu kuwa jamaa zake, na alipenda kuwapelekea habari njema.

Habari zenyewe alizitunga yeye. Mkuu wake wa ofisi, Mbelgiji mpole mwenye kikohozi, alimpa orodha ya askari na jamaa zao, pamoja na mambo manne ambayo barua isiyakose: chakula, afya, ushindi, nafasi. "Barua za kweli zinachelewa baharini," mkuu alimweleza siku ya kwanza. "Sisi tunawapa watu leo kile watakachokisoma kesho." Kisha akamsimulia jinsi adui alivyowajaza raia wake uongo kwa redio, mwaka hadi mwaka, mpaka wakaona ni haki kuichoma dunia. Anaclet aliamini kwamba yeye yuko upande wa maji, si wa moto. Alikuwa ameandika barua thelathini na moja, na baadhi zilimtoa machozi yeye mwenyewe.

Jumanne, king'ora cha kiwanda cha shaba kilipolia saa sita, Delphine alikuja uani kwake. Anaclet alikuwa ameanza tu kula ugali, bukari kwa lugha ya pale. Mgeni alikuwa mwanamke mwembamba, viganja vimegeuka kijani kwa kutwanga sombe, majani ya muhogo, ya kuuza sokoni. Alikaa kwenye kigoda, akaweka kikapu chini, hakuwa na haraka.

"Karani, jambo."

"Jambo, mama. Umekuja kwa habari ya barua?"

"Nimekuja kuiona."

"Iko ofisini. Haitolewi."

"Basi nikuulize kitu kimoja. Wewe uko na bibi?"

"Bado."

"Uko na mukwe?"

Anaclet alicheka. "Bila bibi, mukwe nitamutoa wapi?"

"Ndiyo maana," alisema Delphine. Yeye hakucheka.

Akaanza kueleza, polepole, kama mtu anayechambua mboga. Katika miaka mitano ya ndoa, Kalaba hakuwahi kulitamka jina la mama mkwe wake. Kwao halitamkwi. Akimwona njiani, alipita kando, nyuma ya kichuguu ikibidi. Mwaka ule Bwalya alipougua, Kalaba aliendesha baiskeli kutoka Kipushi na dawa mfukoni, akaiweka juu ya kisiki mlangoni, akakohoa mara mbili, akarudi zake bila kunywa maji. Siku ya kuondoka na jeshi alitaka kuaga. Hakuweza kumtazama mama, basi alisimama nje, akauaga ukuta wa nyumba. Ndani, Bwalya aliuweka mkono kwenye ukuta uleule.

"Leo bantu banauliza mama yangu, mukwe wako atakulipa mbuzi ngapi kwa ile matusi? Tangu Jumapili hajatoka nje."

Anaclet aliitazama sahani. Jina lile alilinakili kutoka kwenye orodha. Lilikuwa zuri, lilijaza mstari vizuri.

"Labda vita imemubadilisha," alisema.

"Vita inaweza kumuua. Kumufundisha kutukana mama yangu, hapana."

Kuku alipita kati yao. Anaclet alisubiri swali alilostahili, la nani aliyeiandika barua. Halikuja. Alimtazama yule mwanamke, akaona kwamba ameshajua na kwamba hatamdhalilisha kwa kumlazimisha kujibu. Hakuna padri wala mkuu aliyewahi kumheshimu hivyo, na siku hiyo hakuistahili heshima hiyo.

"Niko na mudogo yangu, Léonard," Delphine akaendelea. "Anataka kujiandikisha Jumatatu. Anasema, shemeji anakula nyama kila siku, hakuna aliyekufa, mimi nangoja nini? Akitaka kwenda, aende, iko mwanaume. Lakini aende akijua." Akasimama na kikapu chake. "Sikuombi useme bwana yangu amekufa. Sema tu hatujui. Kula, karani. Bukari yako inapoa."

Alasiri hiyo mkuu alipokwenda kupumzika, Anaclet alifungua kabati la kadi za askari, kabati ambalo hakuwahi kukatazwa kulifungua kwa sababu hakuna aliyefikiri angetaka kulifungua. Kadi ya Kalaba iliishia mwezi wa tatu: *amelazwa hospitali*. Baada ya hapo, weupe. Akatafuta kadi nyingine za wale aliowaandikia. Pembeni mwa baadhi yake palikuwa na msalaba mdogo wa penseli na tarehe. Alizipitia zote thelathini na moja. Misalaba ilikuwa tisa. Ya Clovis ilikuwa ya mwezi wa Novemba, na mwezi wa Februari Clovis alikuwa amemsalimu mkewe kupitia kinywa cha Anaclet, akamwahidi viatu.

Alikaa sakafuni. Alifikiria makarani wengine wa namna yake, huko kwa adui na huku kwa marafiki, wenye sauti nzuri, kila mmoja akiupuliza moto kwa pumzi zake akidhani anaupoza. Kisha akafikiria fimbo, na gereza, na uhamisho kwenda mahali ambapo jina lake lingepotea. Aliogopa sana. Hata hivyo alichukua penseli, akaandika majina tisa kwenye kiganja chake.

Jumapili iliyofuata uwanja ulijaa tena. Mkuu alikuwa kwenye kiti chake, kofia nyeupe magotini. Bwalya alikuja, akaketi mbele kabisa, kitenge usoni, kwa kuwa bintiye alimshika mkono na kumleta. Léonard alisimama nyuma ya dada yake, kijana mrefu, karatasi ya kujiandikisha ikichomoza katika mfuko wa shati.

Anaclet alikunjua barua mpya, ya thelathini na mbili. Akaikunja tena.

"Barua ya Kalaba niliyowasomea haikutoka Misri," alisema. "Niliiandika mimi, hapa hapa. Kalaba hakumtaja mama mkwe wake. Aliyemtaja ni mimi, nisiyejua adabu ya kwao. Mama, nisamehe. Mume wa Delphine aliingia hospitali mwezi wa tatu. Yuko wapi leo, hatujui."

Mkuu alikohoa katika kiti chake. Anaclet alifungua kiganja.

"Wengine tunajua. Clovis, amefariki mwezi wa Novemba. Mwaba, mwezi wa Desemba..."

Kipaza sauti kilikatika. Mtu alikuwa amechomoa waya. Nyuma ya uwanja watu walisimama wakiuliza, amesema nani, amesema nani? Huku mbele mwanamke mmoja alianza kulia, kilio cha kweli kilichongoja miezi sita. Polisi wawili walikuwa wakipita katikati ya watu, na watu, bila kusukumana, walikuwa wazito kupisha.

Delphine alimgeukia mdogo wake. Léonard alimtazama dada yake, akatazama jukwaa, kisha akasogea hadi kwenye ngazi.

"Karani," aliita, "jina ya tatu?"

Anaclet alilisema kwa sauti yake tupu, ile iliyofunzwa kufika safu ya mwisho lakini siku hiyo haikuvuka kelele za uwanja. Léonard aligeuka akaupa uwanja uso wake, akalirudia. Mzee aliyesimama katikati akalipokea, akalipeleka nyuma, na nyuma kabisa mtu akaitikia kwamba limefika.

Bwalya alikuwa amekitoa kitenge usoni. Alisikiliza, mkono umebaki juu hewani, kiganja wazi, kama ulioegemea ukuta.

"Ya nne," alisema Léonard.