Kiazi cha Pipa la Thelathini na Saba

Udongo wa kitalu kile ulikuwa unapikwa. Msicheke, ulikuwa unapikwa kweli. Pipa lililokatwa nusu, maji kidogo chini, wavu juu ya maji, udongo juu ya wavu, gunia bichi la kufunikia, na moto chini yake kama unachemsha maharage. Katikati ya udongo kilifukiwa kiazi kimoja kibichi. Kiazi kikiiva mpaka moyoni, basi na udongo umeiva, na kila ugonjwa uliokuwemo umekufa. Kikiwa bado, unaongeza kuni na unasubiri, hata kama jua linakuchoma utosi.

Aliyeweka utaratibu huo alikuwa mtaalamu wa mimea, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkali, hana simile. Wafanyakazi walimwita Mama Gambuti, na yeye alijua. Hakuna aliyekanyaga kisiwa kile bila kwanza kuinua mguu aonyeshe soli, kupindua mifuko na kugeuza soksi. Akikukuta na mbegu moja ya gugu kwenye upindo wa suruali, utajuta kwa nini ulivaa suruali.

Ukali wake ulikuwa na sababu. Mbuzi walioachwa kisiwani zamani walikuwa wametafuna kila kitu, na kazi yake yeye ilikuwa kurudisha mimea ya asili mahali pake. Mbuzi waliondolewa, magugu yakang'olewa, vichaka vikaanza kurudi. Lakini kulikuwa na mti mmoja, mchozi, ambao haukuwa unaota penginepo popote, na ilibaki kumi na mmoja tu, yote kule juu kilimani kwenye mwamba uliowashinda hata mbuzi. Waliuita mchozi kwa kuwa ukikwaruza gome lake linatoka tone moja la maji safi. Ile kumi na mmoja waliiita mama. Miaka tisa alikuwa ameishi kwa ajili ya mama hao. Wakifa, mchozi umekwisha duniani, na hilo alikuwa nalo kichwani akiamka na akilala.

Mpishi wa udongo alikuwa mjomba wake, mdogo wake mama yake. Ndiye aliyemlea baba yake alipofariki, na ndiye aliyemfundisha kulitambua jani kwa kulipapasa, macho yamefumbwa. Alipostaafu kazi ya bustani, mpwa wake akamchukua kisiwani. Goti lilikuwa limemharibikia, kilima hakikupandika tena, basi akakabidhiwa pipa. Wenzake wakampa jina la Bwana Kiazi, akalipenda. Kila pipa likiiva alikipasua kiazi, akakitazama moyo wake, akaandika kwenye daftari namba ya pipa, tarehe, na neno moja: kimeiva. Kisha alikila kwa chumvi, akisema yeye ndiye mtu peke yake duniani anayelipwa mshahara ili ale.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoharibika.

Miche ya mchozi iliyopandwa kando ya njia ya chini ilianza kufa. Majani yalinyauka kuanzia nchani, na mizizi ukiichimbua ilikuwa rangi ya kahawia, inavunjika kama biskuti iliyolowa. Ulikuwa ukungu wa mizizi. Ugonjwa huo ni mwizi asiyeonekana: unasafiri kwa tope na maji ya mvua, na ukishaingia ardhini hautoki. Mama Gambuti alikusanya watu wote mbele ya ofisi akauliza nani kauleta. Mwendesha boti, shingo upande, akasema wiki ile alimwona Bwana Kiazi akipita njia ya chini bila kukanyaga beseni la dawa ya kuoshea nyayo.

Mjomba hakukana. Alisema beseni lilikuwa limekauka, naye alikuwa anawahi lango la uzio lililofunguliwa na upepo. Akanyamaza. Mpwa wake alimfukuza kazi palepale, mbele ya watu aliowazidi umri kama baba yao, akatamka kwamba sheria haina mjomba. Alijisikia mkubwa alipolisema neno hilo. Silisemi kwa kumwonea. Yeye mwenyewe alikuja kulikiri baadaye, kwa aibu. Mzee akakusanya vitu vyake, akapanda boti, akaenda kuishi chumba cha uani kwa dada yake. Habari ilimtangulia. Dukani watu walimwonyesha kidole: ndiye yule aliyeua miti.

Miezi kumi na minne iliyofuata nguvu zote zilikwenda njia ya chini. Walichimba mtaro, wakamwaga dawa, wakazungushia waya, wakaweka zamu. Juu kilimani hawakuwa na wasiwasi. Mjomba hakuwa amepanda huko kwa miaka minne kwa ajili ya goti lake, na watu wengine wote walikuwa na nyayo safi. Mama walikuwa salama. Mama Gambuti alilisema hilo kila mwezi kwenye ripoti, na alilala usingizi.

Asubuhi moja alipanda kilimani kuhesabu maua, akakuta mama wa nne ana tawi la njano.

Mikono yake ilijua kazi. Alichukua udongo chini ya kila mama, konzi moja moja, akaushusha kitaluni, akautia kwenye mabakuli kumi na moja ya maji, na juu ya kila bakuli akaweka majani machanga mawili ya mlimau yaelee. Kama ukungu umo, unalifuata jani na kulitia madoa. Kama haumo, jani linabaki kijani. Kipimo hicho huchukua siku nne, na siku nne hizo alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Aliwafokea watu kwa mambo ya kijinga, kisha akawaomba radhi, jambo ambalo liliwatisha zaidi ya kufoka kwenyewe.

Siku ya nne majani yalikuwa na madoa. Hakukuwa na bakuli lililosalimika. Alirudia kuyahesabu, kana kwamba idadi ingebadilika kwa kuonewa huruma, kisha akakaa juu ya ndoo.

Alipoweza kufikiri, swali lilikuwa moja tu: umefikaje kule juu? Si kwa miguu ya mjomba. Kitu gani kilitoka bondeni kikapanda mpaka kwa mama? Hapo ndipo jibu lilipomjia. Miche. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alikuwa amepanda miche sitini kuwazunguka mama wale, watoto wao, ili wakue chini ya kivuli cha wazazi. Ilikuwa miche ya fungu moja na ile ya njia ya chini. Akaenda kabatini kulitafuta daftari la udongo.

Mapipa thelathini na sita yalikuwa na neno lilelile, kwa mwandiko ulelule wa herufi kubwa zilizosimama wima: kimeiva. Pipa la thelathini na saba liliandikwa hivi: Kiazi bado. Umemwagwa.

Basi akaikumbuka siku yenyewe, yote, kama imetokea jana. Mama walikuwa wamezaa baada ya miaka mitano ya ukame, na mbegu ya mchozi ikianguka haingoji. Siku mbili, imekufa. Ilikuwa siku ya pili, jioni inakaribia, kuni zimelowa, moto unafuka tu. Alichomeka kijiti kwenye kiazi, kikaingia kidogo upande mmoja. Mjomba akamwambia bado. Yeye akamwambia hakuna wakati. Mjomba akamwambia tena, bado, mama, moyo wake mgumu. Yeye akashika koleo, akaumwaga udongo kwenye viriba vya miche mwenyewe. Mbegu ziliota. Alifurahi, akasahau, na kusahau kwa mtu mwenye kiburi ni kazi rahisi sana.

Siku hiyohiyo ya kulifungua daftari, wafanyakazi waling'oa miche yote ya fungu hilo na kuichoma moto, mia nne na kumi na miwili, pamoja na iliyoonekana mizima. Aliwaambia wazi kwamba kosa lilikuwa lake tangu mwanzo, na kwamba Bwana Kiazi hakuleta chochote. Mwendesha boti alitazama chini. Ilikuwa kazi bure kwa mama, na wote walijua, lakini iliuzuia ugonjwa kufika kwenye mimea mingine.

Kesho yake alivuka kwenda kwa mama yake mzazi, daftari kwenye mkoba. Mjomba alikuwa chumba cha uani, amekaa kitandani, anapunguza kucha kwa wembe. Alikuwa amekonda. Chumba kilikuwa na kitanda, kiti kimoja, redio iliyofungwa kwa mpira, na dirisha linalotazama ukuta. Alimwamkia, shikamoo mjomba, naye akaitikia marahaba kama vile alimwona jana, akamtengea kiti.

Mama Gambuti alifungua daftari kwenye ukurasa ule, akaliweka mapajani mwa mzee. Mzee alilisogeza mbali na macho ili asome, kisha akalifunga taratibu.

"Mbona hukusema?" mpwa wake akamuuliza. "Siku ile, mbele ya watu. Ungesema tu, angalieni daftari."

"Sikuwa na hakika kama ni lile pipa," mjomba akasema. "Lakini nilihisi. Nikaona nikilisema, wewe ndiye utakayefukuzwa. Mimi nikifukuzwa nakuja kukaa hapa, basi. Wewe ukifukuzwa, mama wale watalindwa na nani?"

Alilia hapo, kilio cha mtoto, kamasi na kila kitu, na mzee akampa pembe ya shuka ajifute. Akaomba msamaha. Akasamehewa haraka mno, kama mtu anayepokewa mzigo mlangoni. Akamwambia kwamba amewaeleza watu wote, kwamba ataandika kwa wakubwa, kwamba jina lake litasafishwa. Mjomba alitabasamu kwa mara ya kwanza, akainama, akavuta kitu uvunguni.

Zilikuwa gambuti zake, zimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alizitoa, akazipindua, akamwonyesha soli kama ilivyo sheria. Zilikuwa zinang'aa. Hakuna hata chembe ya udongo kwenye mikunjo.

"Kila Jumapili naziosha kwa dawa," alisema. "Nilijua utakuja tu. Haya, nipeleke nikawaone. Mtanibeba kwenye kiti ikibidi, nimewamisi mama wale kuliko ndugu zangu."

Mama Gambuti alizitazama soli zile. Angeweza kumdanganya. Alikuwa na uwongo tayari mdomoni, mtamu: kilima kina utelezi, ngoja mvua ziishe. Mzee angengoja, angeendelea kuosha, na huenda angekufa akingoja kwa furaha. Lakini yeye alikuwa ameshaona kunyamaza kwa huruma kunazaa nini, na hakuwa na nguvu ya kunyamaza naye.

Basi akamwambia. Akamwambia habari za tawi la njano na mabakuli kumi na moja. Akamwambia kuhusu miche sitini iliyokaa miezi kumi na minne inamwaga ugonjwa kwenye mizizi ya wazazi wao, wakati watu wote wako njia ya chini wanalinda mahali alipopita mtu asiye na kosa. Alisema haraka, bila kumtazama.

Mjomba hakuelewa mara moja. Alikaa na gambuti moja mkononi, midomo inahesabu.

"Wote kumi na mmoja?"

"Wote, mjomba. Wanane bado wana majani mabichi. Lakini wote."

"Na kama mngejua siku ile ya kwanza kwamba ni pipa, mngeing'oa miche ile ya juu?"

Alitamani kusema hapana. Alitamani kusema hakuna ajuaye. Lakini ilikuwa ni kazi yake kujua, na alijua: wakati ule ukungu haukuwa umefika kwenye mizizi ya mama.

"Tungeing'oa siku hiyohiyo," akasema.

Mzee alitikisa kichwa polepole. Mpwa wake alimwambia kosa si lake, akalirudia mara tatu, na kwa kweli halikuwa lake, lakini aliona halimwingii. Aliendelea kuigeuza ile gambuti mkononi, akifuta soli safi kwa kidole gumba.

"Basi ningesema," alisema mjomba. Akazirudisha gambuti kwenye mfuko wake, akafunga fundo, akazisukuma uvunguni mpaka zikagusa ukuta.