Ukurasa wa Jumatatu ya Pasaka

Mimi si mtu wa kutumwa ovyo. Ukiniambia Domina pika, nitapika. Domina fua, nitafua. Lakini mwaka ule wa sabini na sita, yule mzee wa Spånga, pembeni mwa Stockholm, aliponiambia nimchomee makaratasi yake, damu ilinichemka mpaka masikioni.

Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao, na huyu alikuwa mmoja wao. Zamani alikuwa waziri wa makoloni huko Ureno, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Serikali yao ilipopinduliwa alikimbilia Stockholm, kwao mkewe, kisha kiharusi kikamlegeza miguu. Hakujua kwamba mimi ni mzaliwa wa Nakilembe, ng'ambo ya Ruvuma, kijiji ambacho ndege zake zilikichoma moto. Sisi tulivuka mto tukaingia Tanzania. Kaka yangu Ladislaus alirudi kumchukua bibi, na hatukumwona tena.

Mama yetu, Dafrosa, alikuwa Masasi, na alikataa katakata tumwekee Ladi matanga. Ndugu walimbembeleza, padri akambembeleza, wapi! "Waliomuua waseme wamemuua," alisema. "Mwanangu si kuku wa kupotea." Kila jioni alimpakulia Ladi sahani yake, akaifunika.

Sasa huyu mzee ananiambia, "Domina, shajara zote za kabatini, zitie motoni kabla mke wangu hajarudi."

Nikafungua kabati. Kila mwaka ulikuwa na shajara yake. Mwaka wetu naujua, na siku yetu naijua, ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Nikautafuta ukurasa, nikamwekea mapajani.

"Soma," nikamwambia. Tulizungumza Kiswidi, changu cha kuokoteza na chake kibovu zaidi.

"Nimesema choma."

"Na mimi nimesema soma. Kwa sauti. Kireno nilikionja misheni, kwa hiyo usinidanganye."

Akanitolea macho ya kiwaziri. Thubutu! Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikakunja mikono. Supu ikapoa jikoni. Mwishowe akavaa miwani.

Akasoma kwamba jino lilimsumbua usiku kucha. Kwamba nyama ya kondoo ya sikukuu ilikuwa ngumu. Kwamba binti yake aliimba vizuri kanisani.

"Endelea."

"Imeishia hapo."

Nikainama nikatazama mwenyewe. Kweli, iliishia hapo, na chini yake nusu ukurasa mtupu. Lo, niliumia! Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nimejiandaa hata kwa matusi. Kwa jino sikujiandaa. Haki ya Mungu, nilitaka kumzaba kofi, mzee na kiharusi chake.

Nikachukua kalamu mezani, nikampa.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Siku ile hukuimaliza. Andika Nakilembe."

"Domina, vijiji vilikuwa vingi. Sikumbuki."

"Sijakuuliza kama unakumbuka. Mimi nakuambia. Andika Nakilembe. Andika Ladislaus, mwana wa Dafrosa."

Akanitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nianze kumwogesha. Kisha akaandika.

"Sasa andika nani alimuua."

Akaandika kwamba ndege zilitumwa kwa amri ya wizara. Nikatikisa kichwa.

"Wizara haina mikono. Andika mtu."

Akaikata ile wizara kwa mstari. Sikumsaidia. Akaandika, "Nilimuua mimi," akatia sahihi ileile aliyokuwa akitia kwenye amri zake.

"Sasa utazichoma?" akauliza.

"Nilikuahidi lini?"

Nikaunyofoa ukurasa ule, nikautia kifuani. Shajara nikazirudisha kabatini, nikafunga, na mkewe aliporudi nikampa ufunguo. Nikamwambia mumewe anataka zichomwe. Akauliza kwa nini. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Ndani ya treni nililia bila aibu mpaka jirani yangu akahama kiti.

Ukurasa niliutuma Masasi pamoja na tafsiri yake. Shemeji yangu Method ndiye aliyemsomea mama. Akataka asomewe tena, polepole, mpaka kwenye sahihi. Halafu akaifunua sahani ya Ladi, akakila chakula chote mwenyewe huku machozi yakimtiririka, akawaambia watandike mikeka.