Matundu ya Mgongoni

Fundi cherehani alianza kutoboa mashati ya askari mara tu baada ya chai ya asubuhi. Kila shati alilitia tundu moja kifuani, akalichoma kingo kwa sigara na kulipaka rangi nyekundu. Mahali pa kutoboa palikuwa pamewekwa alama ya chaki na Meja mstaafu, mshauri wa filamu. Meja alikuwepo vitani, kwenye daraja walikofia vijana wote wa kikosi chake. Kaka wa fundi alikuwa mmoja wao.

Baada ya chakula cha mchana matundu yalikuwa yamehamia mgongoni.

Fundi aliyaziba, akatoboa upya. Yakahama tena. Hakushangaa sana, vitambaa vya bei rahisi vina vituko vyake, ila alimwita mwongozaji.

"Adui si alikuwa mbele yao?" mwongozaji aliuliza.

"Mbele kabisa," alisema Meja.

"Na nyuma?"

"Nyuma nilikuwepo mimi, nikihakikisha harudi mtu."

Mwongozaji alikuna kichwa, kisha akaamuru mashati yavaliwe kinyume, mgongo uje kifuani. Kazi ikaenda bila shida. Fundi alishona akilia, na hakuna aliyemuuliza kitu, maana msiba wake ulijulikana.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Magazeti yalishasifu kwamba filamu haikukosea chochote, hata kamba za viatu. Fundi alimleta mama yake, na Meja akaketi safu ya nyuma yao. Vijana walipoanguka darajani, watu walijifuta machozi. Mama hakulia. Alikuwa amemfunga mwanawe marehemu vifungo tangu akiwa mdogo, na jicho lake lilikwenda hukohuko.

"Mbona wamevaa kinyume?" alinong'ona.

"Matundu yamekataa kukaa mbele, mama."

Mama aligeuka, akamtazama Meja. Meja akamwinamishia kichwa kwa heshima.

"Inuka, mwanangu. Tuhame."

"Twende wapi? Filamu haijaisha."

"Nyuma yake. Mimi simpi mgongo."

Wakahama. Taa zilipowashwa, ukumbi mzima ulisimama kumpigia Meja makofi. Mama alibaki ameketi, mikono mapajani, akiutazama mgongo wa koti la Meja lililopigwa pasi vizuri.

Filamu ile bado huonyeshwa shuleni, kwenye somo la historia.